Mama Honi na Abiria Wasiopanda

Kama kuna mtu aliyeumbwa kwa kazi ya kutembeza wageni, basi ni Kasuku. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya utalii, na hakulikasirikia, maana ni kweli alianza kusema kwenye ngazi za mawe za mtoni na hakunyamaza mpaka mlango wa makumbusho, huku akitembea kinyumenyume bila kujikwaa hata mara moja. Wageni walimpenda. Alijua kuwachekesha, na alijua wakati wa kushusha sauti ili wasogee karibu kama watu wanaotaka kusikia umbea. Mtu wa namna hiyo hakosi neno. Na siku ambayo ingekuwa heri alikose, ndiyo siku aliyotoa neno baya kuliko yote.

Mji wenyewe ulikuwa bandari ya mtoni tangu enzi za mababu. Meli za mto zilikuja na magunia, mbao na watu, zikaondoka na magunia mengine, mbao nyingine na watu wengine. Kisha likajengwa daraja, barabara ikanyooshwa, malori yakabeba mizigo yote, na meli zikaozea kwenye matope. Mji ukishakosa kazi hugeuka kuwa historia. Maghala yalipakwa chokaa yakawa nyumba za kulala wageni. Ofisi ya ushuru ikawa makumbusho, na mizani ya kupimia magunia ikazungushiwa kamba, usiiguse, utadhani inauma. Hata pete za chuma za kufungia meli, ambazo zamani watoto walizikojolea wakipita, sasa zilikuwa na kibao cha maelezo.

Mama Honi, mama mkwe wa Kasuku, hakuwa na kibao, ingawa alistahili. Ujana wake wote aliumalizia kwenye gati hilo akiita abiria. Kipaza sauti cha bandari kiliharibika, wakubwa wakasema kitatengenezwa, na kwa kuwa ahadi za wakubwa hazina haraka, wakamwajiri msichana mwenye koo la chuma. Akaita mpaka bandari ikafungwa. Mwito wa kwanza ulikuwa wa wenye mizigo, wa pili wa wenye watoto, na wa tatu wa wazembe, ambao aliwaambia wazi: "Meli haina mama! Haimsubiri mtu!" Abiria wa mwisho akishakanyaga meli, Mama Honi alizitazama ngazi juu hadi chini, akapaza sauti, "Gati safi!" na hapo ndipo nahodha alipofungua kamba. Kabla ya neno hilo nahodha hakuthubutu kuondoka, na Mama Honi hakuthubutu kukaa. Hata uchungu wa mtoto wake wa pekee ulimshika akiwa kazini, na alisema mwenyewe kwa majivuno kwamba aliuambia usubiri meli iondoke.

Sasa alikuwa mzee na kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Daktari alisema ni maradhi ya usahaulifu, hayana dawa ya kuyaondoa, apewe utulivu na asibishiwe. Kuna asubuhi alimwita Kasuku "mwanangu" na kumuuliza kama amekunywa chai. Asubuhi nyingine alimwita "dada mgeni" na kumwomba kwa adabu amwonyeshe choo kilipo, katika nyumba aliyoifagia mwenyewe tangu alipokuwa bi harusi. Mwanawe, mume wa Kasuku, alikuwa fundi mitambo kwenye boti za kuchota mchanga huko juu ya mto, na nyumbani alikuja kwa nadra. Mzigo wa mama ukamwangukia mkaza mwana. Na aliubeba vizuri, tusimnyime haki yake. Alimwosha, akamsuka, akamkata kucha, wala hakumkunjia uso. Ndiyo maana lililotokea linauma.

Nyumba yao ilikuwa mtaa ule ule wa gati, mlango umezitazama ngazi za mawe. Asubuhi moja Kasuku alikuwa akipita hapo na kundi lake, yuko katikati ya hadithi za meli, Mama Honi akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la kulalia, juu yake koti lake la zamani la bandari, na viatu amevigeuza, cha kushoto mguu wa kulia. Akawaona watu wengi wenye mabegi migongoni wamesimama mbele ya gati. Akavuta pumzi.

"Wenye mizigooo! Wenye mizigo mbele! Mzigo kichwani, mkono kwenye kamba!"

Sauti ilipiga kuta za maghala ikarudi. Njiwa waliruka paani. Wageni walishtuka, kisha wakapiga makofi, na simu zikapanda juu.

"Huyu mama ni nani?" mgeni mmoja mwenye kofia pana aliuliza.

Kasuku aliliona lile gauni. Aliviona vile viatu. Aibu ilimpanda ghafla, aibu ya kijinga kabisa, kama ya mtoto aliyefuatwa shuleni na mama yake aliyevaa kanga iliyochanika.

"Aah, huyo ni mwigizaji wetu," alisema. "Ofisi imemweka hapo awaonyeshe mambo ya zamani yalivyokuwa."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilitoka laini, na wageni wakapiga makofi tena. Alimkana mama mkwe wake mchana kweupe, mbele ya mlango wa nyumba alimolelewa mume wake, na Mama Honi alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Kasuku alimtupia jicho. Mama Honi alikuwa anatazama wageni tu, akisubiri. Kasuku akajiambia hakusikia, na hata kama alisikia hakuelewa, na hata kama alielewa atasahau kabla ya mchana. Mtu akitaka kujisamehe hakosi sababu.

Mambo yangeishia hapo. Lakini wageni waliporudi kwao walisambaza zile picha, na wageni waliofuata wakaja wakimuulizia "yule mama wa sauti". Mkubwa wa ofisi ya utalii, bwana mmoja mpole aliyevaa tai hata kwenye jua la kuchoma, alimwita Kasuku ofisini.

"Kasuku, wewe ni hazina! Umebuni kitu kama hiki halafu umenyamaza?"

Hapo nako angeweza kusema ukweli. Badala yake alitabasamu. Mkubwa alikuwa amekwisha kuchora bango kichwani: Mama Honi mlangoni, mkono mdomoni, mto nyuma yake. Bango likachapishwa, likabandikwa vituo vya mabasi na magati yote ya juu ya mto. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kasuku ilikuwa ndefu, na kila hatua alipigiwa makofi.

Basi akaanza kumwandaa mama kila asubuhi. Lile gauni lilibaki kitandani. Alipiga pasi koti la bandari, akashona vifungo vilivyokatika, akamvalisha viatu sawasawa. Alijiambia anamtunza. Moyoni alijua anampamba. Na kila jioni alipokuta chakula alichokifunika kwa sahani kikiwa vile vile, alimkaripia kidogo, kwa upole, kama unavyomkaripia mzee anayechagua chakula.

Kisha mume akapiga simu.

"Mke wangu! Bango la mama liko huku kwetu gatini! Nimewaonyesha wenzangu wote, mpaka mpishi. Kwa hiyo amepata nafuu? Anafanya kazi tena?"

Furaha ilikuwa imemjaa sauti nzima. Kasuku alishika ukingo wa meza.

"Anaendelea vizuri," alisema.

"Mungu mkubwa. Mimi huku nilikuwa na mawazo, kumbe mama yangu anapeta. Mwambie najivunia."

Kasuku alikata simu akakaa jikoni, sufuria ikichemka mpaka maji yakakauka. Dhamira ilimsuta. Ilikuwa inamsuta tangu siku ile ya kwanza, lakini sasa ilikuwa imevuta kiti kabisa na kukaa.

Aliyemfumbua macho ni fundi cherehani wa mkabala na nyumba yao, mwanamume mwembamba mwenye futi shingoni na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Ofisi ya utalii ilipofunga mapema siku moja, Kasuku alikuwa anapita kibandani kwake, fundi akasimamisha cherehani.

"Dada Kasuku, hebu kaa."

"Nina haraka, fundi."

"Haraka yako ndiyo nataka kuiongelea. Ukishawapeleka wageni wako makumbusho, unajua hapa nyuma kinabaki nini?"

"Mama hurudi ndani kula."

"Nani amekuambia? Tazama."

Kasuku akageuka. Mama Honi alikuwa mlangoni, wima, mkono mmoja ameuegemeza kwenye mwimo wa mlango, macho kwenye ngazi za mawe. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu vikamkata nyamani.

"Anasimama hivyo tangu mnapoondoka mpaka jua linapozama, wewe hujarudi bado," fundi alisema. "Nimempelekea kiti, kakisukuma. Nimempelekea maji, kakataa. Namwambia, Mama, kaa basi. Ananiambia, nitakaaje na abiria hawajapanda? Watu anawaita, wanampigia makofi, wanageuka, wanakwenda zao. Hakuna anayeshuka ngazi. Juzi alilia. Aliniuliza kama mwito wake umeharibika."

"Fundi! Mbona hukuniambia?"

Fundi alimtazama kwa mshangao, na mshangao huo haukuwa wa kuigiza.

"Nilidhani unajua, dada. Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma zaidi ya hapo. Kasuku alivuka mtaa. Alimshika mama mkono amwingize ndani, mama akakataa, akamvuta kwa maneno mpaka akamdanganya kwamba meli imeahirishwa. Uongo mwingine. Alimvua viatu, akamwekea beseni la maji ya vuguvugu, akaanza kumsugua nyayo.

"Mkuu wa bandari amesemaje?" Mama Honi aliuliza taratibu.

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu mimi. Naita, hawapandi. Kila siku naita, hawapandi. Atanifukuza kazi, na mimi nina mtoto mdogo."

Kasuku aliinamisha kichwa juu ya beseni ili mama asimwone uso. Kumbe zile sahani zilizofunikwa hazikuwa ukaidi wa mzee. Mama alikuwa ameshindwa kula kwa sababu kazi yake haijaisha, na aliyemwanzishia kazi hiyo isiyo na mwisho, siku hadi siku, ni yeye.

Alimpigia mume wake jioni ile ile, kabla ujasiri haujampotea. Alimweleza yote, tangu lile neno la "mwigizaji" hadi miguu iliyovimba.

"Nimewaonyesha watu wote lile bango," mume alisema, akakata simu.

Siku zilizofuata Kasuku aliwapitisha wageni mtaa wa nyuma, ambao hauna chochote cha kuonyesha isipokuwa mapipa ya taka na ukuta wa ghala. Alidhani akiwaondoa wageni ataondoa na shida. Lakini Mama Honi alilivaa koti lake mwenyewe, vifungo juu chini, akasimama mlangoni vile vile. Akangoja. Jioni Kasuku alimkuta amekaa sakafuni, analia bila sauti.

"Leo hata abiria hawaji," alisema. "Basi wamekwisha kunifukuza, wanaona haya tu kuniambia."

Ndipo Kasuku alipoelewa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Akiwaleta watu anamuumiza, asipowaleta anamuumiza. Kilichobaki ni abiria kupanda.

Alimfuata nahodha wa boti ya matembezi, mtu mnene aliyependa kulala ndani ya boti yake kuliko kuiendesha. Boti ilifungwa chini ya zile zile ngazi za mawe. Alimweleza bila kuremba. Alitegemea kusikia visingizio vya mafuta na injini. Nahodha alijikuna tumbo, akatazama juu mlangoni kwa Mama Honi.

"Mimi nilikuwa nachelewa meli kila mara nilipokuwa kijana," alisema. "Ule mwito wa tatu alikuwa ananiita mimi. Walete."

Kazi ngumu ilibaki ya wageni. Kundi la asubuhi iliyofuata lilikuwa limekuja kwa ajili ya bango, na Mkubwa wa ofisi, aliposikia habari za mtaa wa nyuma, alikuwa amemwonya Kasuku kwamba kitu kizuri hakiharibiwi kwa mikono ya aliyekibuni. Kasuku aliwasimamisha kwenye kona, kabla mlango haujaonekana.

"Ndugu zangu, kabla hatujaenda. Yule mama mnayekwenda kumwona si mwigizaji. Mlioona picha zake mmedanganywa, na mwongo ni mimi. Ni mama mkwe wangu. Ni mgonjwa, anasahau. Aliita abiria hapa maisha yake yote, na akiwaona ninyi anaamini ninyi ni abiria."

Mtu mmoja alishusha simu na kuitia mfukoni polepole.

"Kwa hiyo hakuna onyesho?" mwanamume wa nyuma aliuliza, amenuna.

"Hakuna onyesho. Nawaomba msipige picha na msipige makofi. Akiita, mshuke ngazi mpande ile boti. Mtazungushwa mtoni kidogo mrudi. Asiyetaka, makumbusho yako wazi, ninamsamehe na yeye anisamehe."

Yule aliyenuna alikwenda makumbusho. Wengine walibaki.

Mama Honi alipowaona wanatokeza, alijinyoosha, akashika kola ya koti. Aliwaita wenye mizigo, na wenye mizigo wakainua mabegi yao kichwani, kwa sababu ndivyo alivyowaambia, wakashuka. Aliwaita wenye watoto, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akamshika mwingine mkono, akashuka kwa uangalifu. Kisha akaita wazembe. Walikuwa vijana wawili wapenzi, wamesimama nyuma kabisa kwa haya. "Ninyi hapo! Meli haina mama!" Wakakimbia. Hakuna aliyecheka. Nahodha alisimama kwenye boti yake, tumbo amelivuta ndani, macho kwa Mama Honi, akingoja.

Mama Honi alizitazama ngazi juu hadi chini. Alizitazama tena, kwa sababu hakuamini.

"Gati safi!"

Kamba ikafunguliwa. Boti ikajitenga na mawe, ikageuza pua, ikaondoka. Hapo Kasuku akawahi kumwekea Mama Honi kiti, kile kile cha fundi ambacho mama alikuwa akikisukuma. Safari hii alikaa. Alipumua kwa nguvu, akafuta jasho kwa kiganja cha mkono. Kasuku alimletea sahani ya wali na mboga, akapiga magoti, akawa anamlisha kijiko kwa kijiko, na mama alikula, alikula kweli, kama mtu aliyemaliza zamu. Kasuku alijiona kama ametua mzigo.

"Ahsante, dada mgeni," Mama Honi alisema akitafuna. "Leo umeniletea abiria wa kweli."

"Karibu, mama."

"Wewe una adabu. Si kama yule mke wa mwanangu."

Kijiko kilisimama njiani.

"Amefanya nini, mama?"

"Ananiletea watu wa kunicheka." Alisema bila hasira, kama anayeeleza habari za jirani. "Siku ya kwanza nilimsikia. Aliwaambia mimi ni mtu wa ofisi. Hakusema mimi ni mama yake."

Alifungua kinywa, akasubiri, na Kasuku akamtilia kijiko. Mama Honi alimeza, kisha akamshika mkono na kumvuta karibu, akashusha ile sauti yake kubwa mpaka ikawa mnong'ono.

"Ila usije ukamwambia nimekwambia. Ananiosha vizuri yule mtoto. Sitaki aone haya."

"Sitamwambia, mama," Kasuku alisema.